Kona ya Wavivu

Asubuhi ile mto wa Mbaheni ulikuwa na sauti pungufu, nami nilikuwa hata chai sijamaliza.

Watu wa mabondeni huniuliza nasikiaje mto kutoka jikoni kwangu. Nawajibu kwamba nasikia kwa mfupa. Nyuma ya sikio langu la kulia pamebandikwa kipande chembamba cha shaba tunachokiita mkufu, ingawa hakivaliwi shingoni na wala si pambo. Mle mtoni, kuanzia chemchemi mpaka poromoko la mwisho, zimetawanywa shanga elfu tisa za kioo, kila moja ndogo kuliko punje ya ulezi. Ushanga husikia kinachotambaa, kinacholia na kinachopumua. Huonja baridi ya maji. Kisha humpasha habari jirani yake, naye jirani humpasha jirani, mpaka habari inafika kwenye mfupa wangu. Miaka mitatu ya mwanzo nilisikia makelele tu, nikawa natapika kila kukicha hadi mama akaanza kuniuliza baba wa mtoto ni nani. Mwaka wa nne, nikiwa nafua shuka, makelele yakafunguka. Nikamsikia kaa akivuka mchanga. Nikasikia mayai ya mbu yakipasuka, nikasikia mizizi ya mkuyu ikinywa. Nililia pale pale na shuka mkononi, na sioni haya kusema.

Mimi ni Nakiete Mrutu, mlinzi wa mkondo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila kijito cha mlimani kina mlinzi wake siku hizi, tangu theluji ya Kibo iishe pakabaki jiwe tupu na sheria ikaandikwa kwamba mto nao una zamu yake ya maji kama kaya nyingine. Kwetu Upare habari hiyo haikumshangaza mtu. Sisi tumezaliwa na zamu. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa la mababu, linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila kaya ina siku yake ya kuzibua. Unaweza kumwibia Mpare kuku mkaishia kwenye mzaha. Gusa zamu yake ya maji uone! Atauza ng'ombe akushtaki, na ng'ombe akiisha atauza kitanda.

Basi nikaweka kikombe chini nikasikiliza tena. Kaa walikuwepo, kambale wa kwenye vidimbwi walikuwepo, na vile vidudu vinavyojijengea nyumba za mchanga vilikuwa vinagombana kama kawaida yao. Kilichopungua kilikuwa huko chini, Ukutani.

Nikatazama kipimo cha lango la chini, pale mashine inapohesabu maji yaliyoachiwa mto. Lita arobaini na mbili kila sekunde. Sheria inataka arobaini. Kwa hiyo mbele ya sheria, mto wa Mbaheni ulikuwa mzima kabisa.

Nikavaa buti, nikashuka.

*

Ukuta wa Ukungu ni mwamba wenye urefu wa nyumba tatu zilizobebana, pembeni mwa mto, na maji hayaanguki pale. Yanatoka ndani ya jiwe kidogo kidogo, jiwe linatoka jasho, na hilo jasho limelea kuvu na ndago na majani ambayo hata majina hayajapewa. Ukisimama mbele yake nywele zinakulowa bila mvua. Nimesimama pale mara elfu na sijawahi kuzoea. Ndani ya majani yale wanaishi vyura wa ukuta, kila mmoja sawa na ukucha wa kidole gumba, weusi, matumbo ya rangi ya machungwa. Hawaogelei maisha yao yote. Hutaga kwenye majani yaliyoloa, na mtoto hutoka kwenye yai akiwa chura kamili mwenye miguu minne. Dunia nzima imetafutwa, milima yote, na hawajaonekana penginepo.

Mwaka nilipopewa mkufu walikuwa mia mbili na kitu. Siku ile niliegemeza kiganja kwenye jiwe nikawahesabu. Wakafika kumi na mmoja.

Sitajisafisha. Walikuwa wanapungua tangu miezi minne nyuma, na kila nilipowasikia wamepungua nilijiambia ni majira tu, watarudi na vuli. Mtu akishapata sifa kwa kazi yake hujifundisha uziwi, na mimi msikilizaji wa serikali nilijifundisha vizuri mno.

Majani yalikuwa yamekauka yakawa ya kahawia. Niliyagusa yakasagika. Nikachokoa ushanga mmoja kutoka kwenye ufa wa jiwe, nikaubana kati ya vidole ili unipe kumbukumbu yake. Ushanga hausahau. Ukanipa baridi: nyuzijoto kumi na nne, mchana na usiku, masika na kiangazi, miaka kumi na tisa bila kupanda wala kushuka. Maji ya kijito hupata joto jua likiwaka na kupoa likizama, lakini haya ya Ukutani yalikuwa yanatoka mahali pengine, mahali penye giza na utulivu. Kisha, tarehe kumi na moja Machi, ile baridi ikakoma. Ghafla, mithili ya mtu aliyezibwa mdomo.

Nikakaa juu ya jiwe. Tarehe mbili Machi tulikuwa tumemaliza kulaza ngozi ndani ya ndiva.

Ngozi ni utando ulio hai. Unakuja ndani ya debe ukiwa ute, unaupaka kwenye sakafu ya bwawa, unakua wenyewe kwa wiki moja mpaka unafunika kila tundu. Ukiuchana unajishona kabla hujafika nyumbani. Mimi ndiye niliyeuomba, niliyeufuata, na niliyeupaka kwa mikono yangu. Tulikuwa tumepima tukakuta theluthi nzima ya maji ya ndiva inapotelea ardhini. Inapotea! Ndilo neno tulilotumia. Na Mpare hawezi kulala akijua kuna tone linapotea. Siku ile walichinja fahali, wakanivisha shada la maua, mchungaji akaomba sala ndefu hadi nyama ikapoa.

*

Shangazi yangu Namkunda nilimkuta barazani kwake anakula makande. Ana miaka themanini na mitatu, macho makali, na mdomo uliokwisha kuwashinda wakwe watatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa msiba? Nani kafa?"

"Bado. Shangazi, zamani kabla ya ngozi, ndiva mlikuwa mnaizibaje?"

"Kwa ng'ombe. Si unajua?" Akaninyooshea kijiko. "Kila mwaka baada ya mavuno tunaitwa msaragambo, kijiji kizima, hakuna cha mgonjwa wala mzazi. Ndiva ikishakauka wanaswagwa ng'ombe ndani wanakanyaga udongo mpaka unakuwa mgumu kama sahani. Wanaume wanaimba, sisi tunabeba udongo wa mfinyanzi. Kazi! Nyie watoto wa debe hamuijui kazi."

"Sakafu yote?"

"Yote. Isipokuwa kona ya wavivu."

"Ipi hiyo?"

Akacheka, punje ya mahindi ikamtoka. "Ile ya juu, upande wa mwamba. Kule hawakukanyaga. Kulikuwa na ukoo mmoja wamepangiwa kona ile, na kazi yao ilikuwa kukaa tu wanakunywa dengelua, pombe ya miwa, wakati wenzao wanatoka jasho. Tulitungiwa wimbo wa kututukana. Nilipokuwa msichana nilikuwa sipiti njia ya juu kwa aibu."

"Mlitungiwa ninyi? Ukoo wenyewe ni upi?"

"Wetu, mwanangu. Ungefikiri ni wa nani? Baba yangu na ndugu zake. Wamekaa mstari, kila mmoja na fimbo yake."

Nikamuuliza zile fimbo zilikuwa za nini.

"Za ng'ombe. Ng'ombe akiikaribia kona ile wanamchapa anarudi." Akachota makande, akakipeleka kijiko mdomoni, kikaishia njiani. "Nakiete," akasema polepole, "mvivu gani anakaa kutwa nzima juani akifukuza ng'ombe?"

Nililia kwa uchungu, maana mimi pia niliusikia wimbo ule shuleni, na siku ya ngozi kona ya kwanza kuipaka ilikuwa ile. Niliipaka mara mbili.

"Hawakutuambia kwa nini," alisema shangazi. "Au walituambia hatukusikiliza. Walisema tu, hiyo si yetu."

"Si yetu. Walisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nikadhani wanafanya uchoyo wa jasho lao." Akalisukuma bakuli pembeni. Shangazi yangu hajawahi kuacha makande tangu nimjue.

*

Sasa nieleze kilichokuwa mbele yangu, ili usije ukaniona shujaa.

Sheria inampa mlinzi nguvu ya kurudisha maji ya mto bila kumwomba mtu ruhusa, hata kijiji kizima kikikataa. Ndiyo sababu walinzi wengi hawaolewi kwao. Na ngozi, pamoja na ubishi wake wote, ina adui mmoja: majivu ya kuni. Yakiigusa inakufa pale yalipogusa, na pale haioti tena milele. Ndoo sita za majivu zingetosha kuifungua kona ya wavivu. Ningeweza kumaliza kazi jioni ile ile.

Lakini theluthi ya maji ingerudi ardhini, na kwa utaratibu wetu maji yakipungua, shamba la chini kabisa ndilo linalokatwa kwanza. Shamba la chini kabisa ni la kaka yangu Mbonea. Na kwenye shamba lile kuna tangawizi ya mama.

Ugonjwa wa mnyauko uliopita miaka tisa nyuma uliua tangawizi ya Upare yote, kasoro matuta mawili ya mama yetu nyuma ya jiko. Hatujui mbegu ile aliitoa wapi, alikufa hajatuambia. Kaka aliipanda, akaikuza, akaipanda tena, kila mwaka eneo kubwa kidogo, bila kuuza hata kidole kimoja. Mwaka huu kwa mara ya kwanza ilikuwa inatosha kugawia kijiji kizima. Ilikuwa na miezi mitano. Tangawizi ukiing'oa kabla ya miezi minane mbegu haishiki, na ukiinyima maji mwezi wa tano inaoza ikiwa imesimama.

Na aliyejua habari za Ukuta ni mimi peke yangu. Kipimo kilisema arobaini na mbili. Ningenyamaza mwezi mmoja tu, wale kumi na mmoja wangemalizika, na hakuna mkaguzi wala hakimu ambaye angewahi kuniuliza neno. Niliwaza hivyo. Niliwaza hivyo njia nzima kutoka kwa shangazi hadi shambani kwa Mbonea, na nisiposema nitakuwa mwongo.

*

Kaka alikuwa ameinama kwenye tuta, anapalilia kwa mkono kwa sababu jembe halimridhishi. Ni mtu mkubwa, kimya, mwenye kofia ya sufu hata jua la saa saba.

"Karibu, Sikio," alinitania. "Leo samaki wamesemaje?"

"Shikamoo, kaka. Keshokutwa zamu ya nani?"

"Yangu. Hilo nalo swali?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Kona, fimbo, ile baridi iliyokoma. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipofika kwenye majivu akaacha kupalilia.

"Vyura wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja." Akasimama, akaufuta udongo kwenye suruali. "Nakiete. Mto una lita zake au hauna?"

"Unazo."

"Zimepungua hata moja?"

"Hazijapungua."

"Basi unanishtaki kwa kosa gani? Mimi nimekula zamu ya nani?" Sauti ilianza kumpanda. "Ulikuja na debe lako ukasema tunapoteza maji, tukakuamini. Fahali aliyechinjwa alitoka zizini kwangu! Nikapanua shamba kwa maji uliyonipa wewe, kwa mkono wako. Leo unakuja kusema yale maji yalikuwa ya chura?"

"Ndiyo, kaka."

"Na mama je? Hii ni ya mama!" Akaichota tangawizi moja na udongo wake akanipa niishike. Ilikuwa changa, ngozi yake laini, harufu ikanipanda puani nikamwona mama jikoni. "Hii nayo haiko penginepo duniani. Umelisikia hilo, Sikio?"

Nililisikia. Nikairudisha tangawizi kwenye shimo lake, nikaifukia vizuri.

"Sitagusa zamu yako," nikamwambia. "Sheria inaniruhusu na sitaigusa. Lakini twende Ukutani. Mara moja tu."

"Nikafanye nini? Mimi sina mkufu."

"Twende."

Alikuja. Nadhani alikuja ili apate mahali pa kuendelea kugomba, maana aligomba njia nzima.

*

Tulifika jua likiwa limeelekea kilele cha Shengena, mwanga unaupiga Ukuta kwa ubavu. Kaka alipoona majani yale ya kahawia akanyamaza. Tulicheza pale utotoni. Tulikuwa tukilamba jiwe.

"Weka paji lako hapa," nikasema, nikimwonyesha paji langu.

"Nini?"

"Mfupa kwa mfupa. Kama mama alivyokuwa anatupima homa."

Akavua kofia, akainama, akaniegemeza paji lake. Lilikuwa na jasho na vumbi. Nikazizima shanga zote za mto, moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki za Ukutani peke yake. Mimi nilipoanza nilisikia vyote kwa mkupuo nikawa mgonjwa miaka mitatu. Yeye angeweza kusikia siku ya kwanza, kwa kuwa vilivyobaki vilikuwa vichache.

Tii.

Nikahisi mabega yake yakishtuka.

Tii. Kimya kidogo. Tii. Tii. Kisha kimya kirefu. Tii.

"Ni wao?" akanong'ona.

"Ni wao."

Tukasikiliza. Sauti ya chura wa ukuta ni kama ukucha ukigonga glasi, lakini ndani ya mfupa haibaki nje yako, inakuwa kitu unachokijua tangu hujazaliwa. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Miaka kumi na tisa na bado kila mara moyo unanisimama.

"Hawalii pamoja," Mbonea akasema baada ya muda. "Wanapokezana."

"Ndiyo."

"Kila mmoja anamngoja mwenzake." Alikuwa anahesabu kwa kidole kwenye mkono wangu, kwa utaratibu, kama tunavyohesabu kaya kwenye orodha ya ndiva. "Wa kwanza. Wa pili. Halafu hapa wananyamaza. Kwa nini wananyamaza hapa? Wa tatu. Wa nne, wa tano, halafu tena. Hapa parefu. Mbona wanaruka?"

Nilikuwa nimeogopa swali lile, na nilikuwa nimelitaka.

"Hawaruki, kaka. Hizo ni zamu za waliokufa."

Kidole kikasimama.

"Wamejipanga tangu zamani," nikasema, "kila chura na nafasi yake, kutoka juu ya Ukuta hadi chini, mia mbili na kitu. Aliyekufa nafasi yake haichukuliwi. Wanampisha. Wanamsubiri muda ule ule aliokuwa akilia, kisha ndipo anayefuata analia."

Tii. Kimya kirefu sana, zamu nyingi mno zilizopita bila mtu, hadi nikadhani wamekwisha. Tii, mmoja, chini kabisa.

"Yule ni wa shamba la chini," alisema kaka, na sauti yake ilikuwa imekatika.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mlinzi haruhusiwi. Nikazifungua shanga zote elfu tisa, kwa pumzi moja tu. Mto mzima ukaingia: chemchemi ikichemka chini ya mawe, kaa, kambale, buu wa kereng'ende akijivua ngozi, mizizi, mvuke, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikitwaa kipande chake cha maji na kukipitisha. Mbonea aliguta. Alianguka kwa magoti akiwa bado amenishika kichwa, nami nikaanguka naye. Nikafunga.

Alikaa chini kwenye mchanga, mdomo wazi, anautazama mto aliouvuka kila siku ya maisha yake.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, Nakiete. Wote hao?"

"Wote hao."

"Na wewe unawasikia kila siku, halafu unakuja kanisani unasinzia!"

Nilicheka hadi nikalia tena. Tulipanda mlima, na kwenye njia panda hakuniaga. Sikujua ameamua nini, wala sikuuliza.

*

Asubuhi ya zamu yake nilikuwa ndivani kabla jua halijachomoza juu ya miti. Maji yamejaa hadi ukingoni, meusi, yametulia. Shangazi Namkunda alikuwa amefika kabla yangu, amejifunga kanga mbili, fimbo mkononi, amekaa kwenye kona ya juu upande wa mwamba. Peke yake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nalinda," akasema.

Mbonea alikuja na punda wawili. Kila punda alibeba magunia mawili, na magunia yalikuwa yakitoa vumbi la kijivu. Yalikuwa majivu ya tanuri lake, lile alilokuwa akikaushia tangawizi kabla ya mnyauko.

"Ni zamu yangu au si zamu yangu?" akauliza kwa sauti, ingawa tulikuwa watatu tu.

"Ni yako," nikasema.

"Nikiifanyia nitakalo, kuna wa kunishtaki?"

"Hakuna."

"Basi leo namwachia wa chini." Akazibua mlizamu wa kutolea maji. Tulikaa tukingoja mpaka maji yaliposhuka na kuiacha ile kona wazi, ngozi yake ikimetameta, nyororo, kazi ya mikono yangu. Akafungua gunia la kwanza. Alinipa ndoo. "Wewe uliyeipaka, anza."

Nikamwaga. Ngozi ilijikunja, ikageuka nyeupe, ikapasuka. Chini yake ulionekana udongo wa zamani, mweusi, wenye nyufa ambazo hazijawahi kukanyagwa na kwato. Kaka alimwaga la pili, shangazi akachota kwa bakuli lake la makande. Maji yaliyobaki yakaufikia ule udongo, yakazunguka kidogo, yakaanza kuingia. Yalitoa sauti ndogo ya kumeza. Tulisimama tukiyaangalia yakienda, na hakuna aliyesema yanapotea.

Shamba la chini lilikufa. Sitaki kulipamba. Wiki ya tatu majani yaligeuka manjano, wiki ya nne harufu ya kuoza ilifika barabarani, na wapo waliopita wakacheka. Kaka aliokoa tuta moja tu kwa kubeba maji ya ndoo begani, asubuhi na jioni, maji ya kunywa ya nyumbani kwake. Tuta moja, kama mama. Itachukua miaka tisa mingine. Alinywa chai nusu kikombe mwezi mzima na hakunilaumu hata mara moja, jambo lililoniuma kuliko matusi.

Lakini kila alfajiri alipitia kwangu na ndoo yake. Hakubisha hodi. Aliiweka ndoo chini, akavua kofia, akaniwekea paji lake kwenye paji langu, nami nikazizima shanga nyingine zote. Tukahesabu. Siku ya tisa baridi ilirudi, nyuzi kumi na nne kamili. Siku ya ishirini majani yalianza kuloa. Vyura walibaki kumi na mmoja, na vile vimya vyao virefu vilibaki pale pale.

Siku ya thelathini na moja aliinama kama kawaida, amechoka, ananuka moshi. Kidole chake kikaanza kuhesabu mkononi mwangu. Wa kwanza. Wa pili. Kimya, kidole kikangoja, kwa heshima, kama kilivyozoea.

Tii.

Ilikuwa dhaifu, ya kitoto, haijui bado kupima nguvu zake. Sijui alizaliwa juzi au alikuwa amejificha ndani ya ufa muda wote. Mbonea alifumbua macho, karibu kabisa na yangu, yamejaa maji.

"Amekuja," akasema. "Nakiete, mwenye zamu amekuja."